Siku tano kwa Watibeti wa McLeod Ganj: tupunguze nini, tubaki na nini?

Swali limetoka kwa kijana wa Mbeya anayesoma Chandigarh, India, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Mwezi wa kumi tuna likizo ya siku tano na rafiki yangu anakuja kutoka Dar. Tunataka kubeba mabegi yetu mgongoni twende kwa Watibeti kule McLeod Ganj, tupande Triund, turuke na parashuti Bir, tuonane na Dalai Lama, afu tumalizie Manali. Inawezekana? Na wale Watibeti watatupokeaje sisi weusi?"

Marahaba mdogo wangu. Mwezi umechagua vizuri sana, mvua zinakuwa zimeisha, anga limesafishika na milima ya Dhauladhar unaiona yote mpaka kileleni, wakati mtu aliyeenda mwezi wa saba au wa nane anarudi na picha za ukungu tu maana ule upande wa Himalaya ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi mno India, na tarehe 12 Julai 2021 mafuriko yalishuka ghafla pale Bhagsu yakasomba magari kama makopo. Kwa hiyo mwezi wa kumi sawa kabisa. Ila hiyo ratiba yako kaka, hapana. Futa Manali leo leo. Kutoka Dharamshala, mji wenye hiyo McLeod Ganj, mpaka Manali ni zaidi ya kilomita 200 za kona za milimani, basi linakula siku nzima au usiku mzima, na siku tano zenu mbili zitaishia kwenye kiti cha basi mnatapika.

Na sikwambii hivyo kwa sababu ya uchovu tu. Kosa ninaloliona kwa vijana wengi wanaokwenda McLeod ni kwamba wanafika usiku, asubuhi wanakimbilia Triund, kesho yake wanapiga picha hekaluni, wanakula momo, wanaondoka, na ukiwauliza Watibeti wanaishije hawana la kukwambia, yani wamekwenda kwa Watibeti na hawajaongea na Mtibeti hata mmoja zaidi ya yule aliyewauzia chakula. Pale mahali hapana mandhari ya kushinda sehemu nyingine za Himalaya, milima mizuri iko mingi tu. Kilichopo pale ni watu, na watu unawapata kwa kukaa sehemu moja.

Ngoja nikupe historia kidogo maana bila hiyo hutaelewa unachokiona. Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alitoka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, usiku wa tarehe 17 Machi 1959 baada ya wananchi kuinuka dhidi ya utawala wa China, akavuka mpaka kuingia India mwisho wa mwezi ule ule, akawekwa kwanza Mussoorie, afu mwaka 1960 serikali ya India chini ya Nehru ikampa makazi Dharamshala. McLeod Ganj yenyewe ilikuwa mji wa Waingereza wa kukimbia joto, ila tetemeko la Kangra la tarehe 4 Aprili 1905 liliuvunja vibaya na watu kama 20,000 walikufa wilaya nzima, na Waingereza walivyoondoka 1947 nyumba zikabaki tupu, ndo familia moja ya Kiparsi yenye duka pale, akina Nowrojee, ikahangaika kuishawishi serikali ilete wakimbizi waujaze mji. Ukishuka kidogo kuelekea Forsyth Ganj utaliona kanisa la mawe la St John in the Wilderness katikati ya miti mikubwa, lilinusurika lile tetemeko, na Lord Elgin aliyekuwa gavana mkuu wa India amezikwa hapo tangu 1863. Nenda ukapaone, nusu saa inatosha.

Sasa hao wazee utakaowaona na tasbihi mkononi, baadhi yao ni wale wale waliovuka milima kwa miguu. Na hii ni jamii inayopungua, hilo watu wengi hawalijui. Zamani kila mwaka walikuwa wanaingia wakimbizi wapya kwa maelfu kupitia Nepal, tangu 2008 mpaka umebanwa na siku hizi wanaofika ni wachache sana, na vijana waliozaliwa India wengi wanaondoka kwenda Ulaya, Marekani na Kanada. India haijatia saini ule mkataba wa wakimbizi wa 1951, kwa hiyo kisheria Mtibeti anahesabika mgeni, anatembea na cheti cha usajili ambacho lazima akifanye upya, na akitaka kusafiri nje anatumia kijitabu cha njano kinachokaa badala ya pasipoti. Waliozaliwa India kabla ya Julai 1987 sheria inawaruhusu kuwa raia, na mahakama ya Delhi ilishalithibitisha hilo, lakini wako wengi wanaokataa kwa makusudi kwa sababu wanaona wakichukua uraia wameikubali hali ya kutokuwa na nchi. Wewe umetoka Tanzania, nchi ambayo Kigoma imekuwa na kambi za Nyarugusu na Nduta na watu wamezaliwa humo wakakulia humo. Nenda na ufahamu huo, utawaelewa haraka kuliko Mzungu mwenye begi la gharama.

Basi mkifika siku ya kwanza msipande popote. Chukueni basi la serikali ya jimbo la Himachal la usiku pale stendi ya Sekta 43 Chandigarh, mnafika Dharamshala ya chini alfajiri, afu jipu au basi dogo linawapandisha McLeod kwa kama kilomita kumi. Laleni, muoge, kuleni. Jioni ndo mwende kora.

Kora ni ile njia ya kuzunguka hekalu kuu la Tsuglagkhang pamoja na makazi ya Dalai Lama, na kama kuna kitu kimoja nakuomba usikiache basi ni hicho, na ukienda jioni ya kwanza utarudi alfajiri ya pili mwenyewe bila kuambiwa. Unazunguka kwa kufuata mshale wa saa, hekalu libaki mkono wako wa kulia, usigeuke ukarudi ulikotoka hata kama umesahau kitu. Njia inapita chini ya msitu, bendera za sala za rangi tano zimefungwa mti kwa mti, nyingine mpya nyingine zimeshachanika na jua, pembeni mawe yamechongwa maandishi na kupakwa rangi, afu kuna magurudumu ya sala ya shaba yamepangwa mstari ukutani unayasukuma kwa mkono wa kulia ukiwa unapita, ukiangalia ule ukingo wa chini utaona shaba imelainika na kung'aa pale vidole vinapogusa tu, juu yake bado ni nyeusi. Saa kumi na mbili asubuhi wanajaa wazee, kina mama wamevaa lile gauni refu la Kitibeti linaloitwa chupa, na aproni ya mistari kwa walioolewa, raba miguuni, mkono mmoja tasbihi mkono mwingine kigurudumu kidogo kinazunguka, midomo inatembea taratibu bila sauti. Wanaongea umbea pia, wanacheka, wanapumzika kwenye mabenchi, mbwa wanawafuata. Ukisalimia "tashi delek" na kuinamisha kichwa kidogo watakujibu, na kuna bibi atakushika mkono akutazame usoni kwa muda mrefu. Mwache. Hana ubaya, anakushangaa tu na amefurahi kukuona unazunguka.

Hapo nakujibu lile swali la rangi kabisa. Watibeti wamezoea wageni wa kila namna, Waafrika si wengi kwa hiyo watakushangaa, watoto watakugusa nywele, ila kwa nilivyoona miaka yote naongoza vikundi kule, kwa upande wao ni udadisi wenye heshima. Usumbufu mkubwa utaupata kwa watalii wa mijini wanaokuja wikiendi kwa maelfu, watataka kupiga selfi na nyinyi bila kuomba, wengine watasema maneno unayoyajua tayari maana umeshaishi Chandigarh. Una haki ya kukataa picha. Na kuna jambo la gesti: kila hoteli inayompokea mgeni wa nje inatakiwa ijaze fomu ya uhamiaji, ile inayojulikana kama Fomu C, ndani ya saa 24, gesti ndogo ndogo nyingine hazijasajiliwa kwa hilo, kwa hiyo mapokezi anakwambia "tumejaa" huku unaona funguo zimening'inia nyuma yake. Inauma kwa sababu hujui kama ni rangi au ni fomu. Dawa yake ni kuwaandikia kabla, uliza moja kwa moja kama wanapokea wageni wenye pasipoti ya nje na wanajaza Fomu C, hifadhi jibu lao kwenye simu. Wewe beba pasipoti, viza ya masomo na ile karatasi ya usajili wa FRRO, ofisi ya kusajili wageni, na kopi zake. Kwa Dharamshala na Bir hamhitaji kibali kingine cha ziada. Nasema hivyo kwa sababu mwanafunzi mwenzako akikualika makazi ya Watibeti ya kule Karnataka, Bylakuppe au Mundgod, kule kulala lazima uwe na kibali maalum na kinachukua wiki nyingi.

Siku ya pili ndo siku yenyewe. Baada ya kora asubuhi ingieni hekaluni, mabegi na simu watawakagua getini. Mchana shukeni kwa miguu mpaka Gangchen Kyishong, ndipo ilipo serikali yao ya uhamishoni, na watu wengi wanapita hapo bila kujua kwamba wanapita kwenye wizara. Dalai Lama aliachia madaraka ya kisiasa mwaka 2011, sasa hivi kiongozi wao anachaguliwa kwa kura na Watibeti waliotawanyika duniani kote, anaitwa Sikyong. Kuna maktaba iliyoanzishwa 1970 yenye maandiko ya zamani waliyoyatoa Tibet mgongoni, na makumbusho ya Tibet yapo hapo hapo. Makumbusho yale msiyapitie mbio.

Jioni, na hapa naomba unisikilize, nendeni darasa la mazungumzo. Kuna taasisi ndogo McLeod, Lha ni mojawapo ya zinazojulikana, zina saa moja hivi za mazungumzo ya Kiingereza siku za kazi, mgeni yeyote anaruhusiwa kuingia kukaa na wanafunzi wawili watatu sakafuni mkaongea tu. Huhitaji kuwa mwalimu. Wanafunzi ni watawa, kina mama, vijana waliokuja wakubwa wanajifunza lugha upya. Na wewe Mtanzania unawafaa kuliko unavyodhani kwa sababu Kiingereza kwako pia ni lugha ya kujifunza darasani, unaongea polepole, hukimbizi maneno, na unajua ile aibu ya kutafuta neno ukalikosa mbele za watu. Nimewahi kumkaribisha dada mmoja wa Moshi akakaa na mtawa wa makamo, wakatumia saa nzima kulinganisha ng'ombe wetu na yak, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa Tibet, nani anatoa maziwa mengi, kinyesi cha nani kinawaka vizuri, mtawa yule alikuwa mtoto wa wafugaji na uso wake ulibadilika kabisa alipoona amepata mtu anayejua mifugo. Kesho yake akatuita kunywa chai chumbani kwake.

Usimuulize mtu siku ya kwanza alitorokaje. Akitaka kukwambia atakwambia. Na picha, mdogo wangu, hili ni zito: aliyefika kutoka Tibet mara nyingi ameacha wazazi na ndugu kule, uso wake ukiuweka mtandaoni na maelezo kwamba yuko Dharamshala, watakaoitwa kuhojiwa ni wale waliobaki. Omba ruhusa, na hata akikuruhusu kwa adabu usimposti. Piga milima.

Kuhusu kuonana na Dalai Lama. Kuonana naye ana kwa ana usikutegemee, alitimiza miaka 90 tarehe 6 Julai 2025 na afya yake ndo inaamua ratiba. Kinachowezekana ni kuhudhuria mafundisho ya wazi yakitokea mko pale, ni bure, mnajiandikisha siku chache kabla na pasipoti, mnakwenda na kikombe chenu maana watawa wanapita na birika kubwa wanamimina chai, mto wa kukalia, na redio ndogo ya FM yenye spika za masikioni kwa ajili ya tafsiri. Simu na kamera haziingii. Angalieni ratiba kwenye tovuti ya ofisi yake yeye mwenyewe, msimlipe dalali yeyote anayesema anaweza kuwaingizeni.

Triund weka siku ya tatu, miguu ikiwa imeshazoea. Ni karibu mita 2,850 juu ya bahari, yani inazidi kidogo kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, kwa hiyo pumzi utaisikia. Mnapanda kwa teksi au miguu mpaka Dharamkot na hekalu dogo la Galu Devi, hapo kuna kituo mnaandikisha majina, afu ni saa tatu nne za kupanda msituni kwenye njia inayoonekana vizuri, ngumu ni sehemu ya mwisho ya kona nyingi zinazofuatana. Kwenda bila mwongozaji mnaweza kabisa kama hali ya hewa iko sawa. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mchana mawingu yanapanda kutoka bondeni na yakifunga hamuoni kitu. Msimruhusu mtu kuwashawishi kuendelea mpaka Indrahar, ile ni njia ya kuvukia milima kwenye mita 4,342, ni kupanda mlima kwa kweli, kuna mawe yanayoteleza, barafu na pango la kulala njiani, hiyo inataka siku nyingine, mwongozaji wa pale pale na vifaa. Masharti ya kulala kwenye mahema Triund yanabadilika badilika, ulizeni hapo kituoni siku hiyo hiyo, wasiwauzie hema mjini kabla hamjajua. Na takataka zenu rudini nazo zote, kile kilima kimechafuliwa mno na inanikera kuona paketi za chipsi kwenye majani ya rhododendroni.

Baridi ya Mbeya wewe unaijua, rafiki yako wa Dar ndo wa kumuonea huruma, mwambie abebe sweta zito, jaketi la kuzuia upepo, kofia ya sufu na soksi za akiba. Raba zenye meno. Chujio la maji au chupa ngumu, McLeod kuna sehemu wanajaza maji yaliyochemshwa kwa hela kidogo, Himachal mifuko ya plastiki imepigwa marufuku muda mrefu.

Siku ya nne chagueni: Bir au Norbulingka. Bir iko kama kilomita 70, nayo ina makazi ya Watibeti na nyumba za watawa, mnapanda Billing mita 2,400 mnaruka na rubani mnatua kwenye uwanja wa Chaugan, mashindano ya dunia yalifanyika hapo 2015 na mwezi wa kumi ndo msimu wenyewe. Lakini watu wamekufa pale, kwa hiyo dai leseni ya rubani uione kwa macho, na upepo ukikataa usibishane. Mimi ningekuwa nyinyi ningekwenda Norbulingka, pale Sidhpur chini ya mji, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1988. Wachoraji wa thangka, zile picha za dini za kwenye kitambaa, wamekaa sakafuni mbele ya vitambaa vilivyokazwa kwenye fremu, mwanafunzi anaanza kwa kuchora kichwa cha Budha kwa penseli juu ya mistari ya vipimo, tena na tena, mpaka mkono ukubali, rangi zinasagwa kutoka kwenye mawe, na macho yanachorwa mwisho kabisa. Simama nyuma ya mmoja kimya dakika kumi umwangalie anavyozungusha ncha ya brashi yenye nywele chache kufuata ukingo wa wingu. Kuna mafundi wa mbao na washonaji pia. Tiketi yenu inasaidia kuendesha chuo.

Chakula hamtateseka. Momo ziko za nyama, za viazi au za mboga, unga mwembamba umekunjwa na kupikwa kwa mvuke, muwe na tahadhari na ile pilipili nyekundu. Thukpa ni supu ya tambi, nzuri ukitoka mlimani. Tingmo ni mkate mweupe wa mvuke unaochanika tabaka tabaka, uliza mchuzi wa kuchovya. Chai ya siagi ina chumvi, ukiifikiria kama supu utaipenda, ukiifikiria kama chai utaitema, na ukikaribishwa nyumbani kwa mtu ujue kikombe hakiachwi kitupu, kila ukipiga funda kinajazwa, kwa hiyo ukitosheka kiache kijae na ukimalize wakati wa kuondoka. Mashine za ATM wikiendi zinaishiwa hela, toeni pesa Chandigarh.

Rafiki yako wa Dar aombe viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India tu, za uongo ziko nyingi na zinakula hela, na cheti cha homa ya manjano awe amechanja siku kumi kabla ya kusafiri, uwanja wa ndege India hawana mchezo na watu wanaotoka kwenye nchi zenye ugonjwa, bila cheti wanaweza kumweka karantini mpaka siku sita na safari yenu imekufa. Akitua Delhi anaweza asije Chandigarh kabisa, aende Majnu ka Tilla, mtaa wa Watibeti kaskazini mwa jiji, apumzike hapo mchana, ale thukpa yake ya kwanza, mabasi ya usiku ya kwenda Dharamshala yanaondokea pale pale, mkutane asubuhi juu.

Akishapata viza nitumie tarehe zenu, niangalie kama wiki hiyo kuna mafundisho, maana yakiwepo gesti zinajaa zote na itabidi mlale Dharamkot, muweke nafasi mapema.